Kupima makovu ya ini kwenye slaidi

Swali: Ninasomea patholojia. Msimamizi wangu anataka nipime kolajeni (protini inayojenga kovu) kwenye biopsi za ini, yaani vipande vidogo vilivyotolewa kwa uchunguzi, nisiishie kutoa daraja la kovu la 0 hadi 4. Slaidi ni bapa, ini lina ujazo. Eneo ninaloliona litanijulishaje kiasi cha kovu ndani ya ini? Na nikishapata asilimia, daraja lina kazi gani tena?

Jibu: Mwaka 1847 mwanajiolojia Mfaransa, Achille Delesse, alionyesha kwamba sehemu ya eneo inayochukuliwa na madini fulani kwenye jiwe lililokatwa ni sawa, kwa wastani, na sehemu ya ujazo wake ndani ya jiwe. Kwa tishu ni hivyo hivyo, mradi mahali pa kupima pasichaguliwe kwa jicho. Jicho hukimbilia penye wekundu, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika.

Paka rangi ya Sirius Red ili kolajeni iwe nyekundu, slaidi zote kwa mkupuo mmoja. Uwanja wa kwanza, yaani eneo unaloliona kwa hadubini kwa mara moja, uchague kwa bahati nasibu, kisha sogeza slaidi kwa hatua zilizo sawa. Juu ya kila picha weka gridi ya nukta. Tuseme una viwanja 20 vya nukta 100, na nukta zote 2,000 zimeangukia tishu. Zikiwa 240 ziko juu ya kolajeni, umepata asilimia 12. Zinazoangukia nje ya tishu usizihesabu kabisa. Kipande chenye ganda la nje la ini kiache, kwa sababu ganda lina kolajeni nyingi hata kwa mtu mwenye afya njema.

Daraja usilitupe. Asilimia inaeleza kovu ni kiasi gani, daraja linaeleza limekaaje: limebaki kuzunguka mishipa, limejenga tepe zinazounganisha sehemu moja na nyingine, au limeshazingira vinundu na kuwa sirosi. Ndiyo maana daraja la 4 si kovu maradufu ya daraja la 2, na wastani wa madaraja hauna maana. Wastani wa asilimia unao.

Kumbuka pia kwamba biopsi ya sindano ni takriban sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini. Kwa wagonjwa wa kichocho cha tumbo, kama wa kandokando ya Ziwa Victoria, kovu hufuata matawi makubwa ya mshipa unaoleta damu kutoka utumbo, na sindano inaweza kupita pembeni kabisa. Kwao, soma asilimia yako pamoja na picha ya ultrasaundi.