Yule sheikh wa farasi weupe ni Hugh Griffith

Ndugu, uliuliza nani aliigiza sheikh mwenye farasi weupe kwenye filamu ya Ben-Hur (1959). Ni Hugh Griffith, mtu wa Wales, mzaliwa wa kisiwa cha Anglesey, 1912. Alikuwa karani wa benki kabla ya kusomea uigizaji London. Rangi ile waliyompaka usoni ili aonekane Mwarabu siipendi, ila hebu irudie sehemu ya hemani: farasi wanne wanaletwa usiku, naye anawabembeleza mmoja mmoja kama baba anayewalaza wanawe. Na yale macho! Oscar ya mwigizaji msaidizi aliistahili kabisa. Akateuliwa tena kwa filamu ya Tom Jones (1963), na mwaka uliofuata akapanda jukwaani Stratford, mji wa Shakespeare huko Uingereza, kama Falstaff, yule mnene mcheshi wa tamthilia zake. Alifariki 1980.