Kwa mnaoanza kazi mochari: someni lebo

Juzi nimemwona tena kijana mgeni akivuta trei kutoka kwenye jokofu, akamwangalia marehemu usoni, akasema "ndiye huyu," akaanza kumsukuma kwenda kwa familia. Lebo hakuigusa. Nilimrudisha palepale. Na kwa kuwa kila kundi jipya linaanza hivyohivyo, wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Maiti hakufanyi kitu. Ukimgeuza, hewa iliyobaki kifuani hupita kooni na utasikia mguno. Shtuka, ni haki yako, ila usikiachilie kichwa. Mwili huanza kukaza kwenye kope na taya saa 2 hadi 4 baada ya kifo, na zikipita saa 12 hivi tangu kifo umekaza wote. Kwa hiyo fumba macho, funga taya, nyoosha mikono mapema. Ukienda kunywa chai kwanza halafu urudi kushindana na viungo vya mzee wa watu, mimi na wewe tutakosana.

2. Cha kuogopa ni fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Maski ya kitambaa haizuii mvuke wake. Washa feni, na ubadilishe nguo kabla ya kupanda matatu.

3. Lebo. Hapa nitakaa.

Mahali nilipofanya kazi zamani, wanaume wawili waliletwa wikendi moja. Umri ulikaribiana, jina la mwisho lilikuwa moja. Lebo zao ziliandikwa kwa kalamu ya kawaida juu ya plasta, na unyevu wa jokofu ukaufanya wino utambae. Jina la kwanza likabaki doa la buluu. Mwenzangu wa zamu aliangalia daftari, akahesabu trei, akatosheka. Familia nayo ilikuwa na haraka: basi limeshakodiwa, safari ya Busia ni ya usiku kucha, pesa za mchango zimekwisha. Aliyetumwa kutambua mwili alikuwa mjomba ambaye hakuwa amemwona marehemu kwa miaka. Akachungulia, akageuza uso, akatikisa kichwa kukubali. Sasa shikeni hili: mtu anayechungulia kwa hofu hajatambua chochote. Mpe kiti, mpe maji, mwombe aangalie tena, umuulize alama ya mwilini.

Mwili ukavishwa suti na soksi, ukaenda.

Asubuhi, nyumbani, mama alitaka kumwona mwanawe. Akasema si yeye. Wakamwambia kifo hubadilisha sura, dawa huvimbisha uso, mama tulia. Akaomba soksi ya mguu wa kushoto ivuliwe. Mwanawe alikatwa kidole kidogo na jembe akiwa mtoto. Pale vidole vilikuwa vitano.

Jeneza likarudi Nairobi siku hiyohiyo, waombolezaji wakiachwa uani na kaburi likiwa wazi. Huku mjini familia ya pili ilikuwa imefika na nguo za mtu wao, na mtu wao hayupo. Mimi ndiye niliyewapokea waliorudi, usiku, langoni. Mama alikuja nao. Nilijiandaa kwa kelele na matusi, lakini aliniuliza tu, "Baba, mtoto wangu mmemweka wapi?" Nikavuta trei mbele yake, nikafunua miguu peke yake, hadi akashika mguu mmoja na kusema huyu.

Mwenzangu alikuwa mchapakazi, mpole kwa wafiwa, na aliacha kazi hii kabisa. Ninamkumbuka kila nikiona mmoja wenu akikimbia. Lebo mbili kwa kila mwili, kifundo cha mguu na mkono, kwa kalamu ya wino usiofutika: majina yote matatu, nambari ya daftari, na nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi, kama ameletwa na polisi. Wasome watu wawili kwa sauti kabla mwili haujatoka. Bila kibali cha mazishi, gari halitoki, hata dereva apige honi mpaka kesho.

4. Familia ya Kiislamu isicheleweshwe. Wanataka kuzika siku hiyohiyo, hawatii dawa, na wana watu wao wa kuosha. Karatasi zao ziwe tayari mkipigiwa simu tu.

5. Msicheke koridoni. Upande wa pili wa ukuta kuna mtu anachagua shati la mumewe.

6. Pombe. Mtaambiwa kazi hii haifanyiki bila kitu kidogo kooni. Uongo. Mkono uliolewa hausomi lebo, na ndoto zinarudi pombe ikiisha. Siku ikija ya mtoto mchanga, au ya mtu wa mtaani kwenu, na ukaona usingizi umekataa, nipigie. Nitakushikia zamu, uende nyumbani, tuongee kesho yake.