Maswali na Majibu: Kupima Vinasaba vya Homa ya Nguruwe

Nguruwe wangu watatu wamekufa ndani ya siku nne, masikio na tumbo vikiwa vyekundu. Kwa nini nisubiri maabara? (Mfugaji, Rungwe)

Pole sana kwa hasara hiyo. Dalili hizo zinatia shaka kubwa ya homa ya nguruwe ya Afrika, lakini hazithibitishi, kwa kuwa bakteria wa erisipelasi na wa salmonela nao hubadilisha rangi ya ngozi na kuua ghafla. Hao hutibika kwa antibiotiki wakiwahiwa, ilhali homa ya nguruwe, inayoletwa na kirusi, haina tiba. Sampuli vilevile hueleza kirusi ni cha ukoo gani: kile kilichozuka Kyela mwaka 2010 kilibainika kuwa cha jenotaipu (kundi la kinasaba) ya II, kundi lile lile lililofika nchi ya Georgia mwaka 2007.

Maabara hukionaje kirusi katika tone la damu? (Mfugaji, Kilolo)

Hawakitafuti kirusi kizima, bali kipande cha kinasaba (DNA) chake, mara nyingi sehemu ya jeni ya p72, protini ya gamba la kirusi. Mtaalamu hutenga vinasaba vilivyomo kwenye damu, kisha huviweka katika mashine ya PCR, yaani ya kunakili kipande cha kinasaba mara nyingi, pamoja na vitendanishi (kemikali za kupimia) vinavyonasa kipande hicho tu. Mashine hupasha joto hadi nyuzi 95 hivi, kamba mbili za kinasaba zikaachana. Ikipoa, kila kamba hujengewa mwenzake. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na kwa hesabu, baada ya mizunguko 30, kipande kimoja hupita bilioni moja.

Kazi hiyo yote huweza kuharibikia bandani. Hapa maabara niliwahi kupokea damu iliyosafiri kutwa nzima juu ya gunia la pumba, bila barafu, ikiwa imeganda katika chupa isiyo na lebo, na nikashindwa kujua imetoka kwa nguruwe yupi. Damu ichukuliwe na mtaalamu kwa chupa ya kizibo cha zambarau, ambayo dawa yake huzuia kuganda. Ile yenye heparini huvuruga PCR. Kwa mzoga, bandama, figo na tezi za limfu ndivyo vinavyofaa.

Jibu lilikuja hasi, kisha nguruwe mwingine akafa. Maabara ilikosea? (Mfugaji, Mbozi)

Si lazima. Jibu hasi humhusu nguruwe aliyepimwa, siku aliyopimwa. Aliyeambukizwa jana anaweza kuwa bado hana kirusi cha kutosha katika damu, kwa hiyo wachaguliwe wenye homa, na aliyekufa apimwe upya.

Naweza kuchinja waliobaki nikisubiri majibu? (Mfugaji, Makambako)

Hapana. Kirusi hiki hakimwambukizi binadamu, lakini hudumu katika damu na nyama mbichi kwa muda mrefu, na makombo yakilishwa nguruwe wa jirani, ugonjwa umehama. Mwite afisa mifugo wa kata, naye atawasiliana na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye kituo Iringa. Hadi majibu yatoke, asitoke nguruwe wala viatu vya bandani.