Macho juu ya kitabu ni Odilia, si Lusia

Pole kwa mama. Umesema anangoja kutolewa mtoto wa jicho, ukamnunulia picha mjini yenye macho mawili juu ya kitabu, na muuzaji akakuambia ni Mtakatifu Lusia. Amekosea. Huyo ni Odilia wa Alsace, mama mkuu wa monasteri, aliyezaliwa kipofu karne ya 7 na kwa masimulizi akaanza kuona alipobatizwa. Lusia macho yake huwa kwenye sahani, na mkononi ana tawi la mtende la wafiadini. Wanachanganywa kwa kuwa sikukuu zao zote mbili ni 13 Desemba.

Lusia aliuawa Sirakusa, Sisilia, mwaka 304. Habari ya kung'olewa macho haimo katika masimulizi ya kale kabisa; huko anauawa kwa upanga. Jina lake latokana na neno la Kilatini la nuru, na hapo ndipo watu walipoanza kumkimbilia kwa macho.

Novena, yaani sala ya siku tisa, anza tarehe 4 Desemba, umalize 12. Ukianza 5, Misa ya asubuhi ya 13 itakukuta bado una siku moja. Ila mwaka 2026 tarehe hiyo ni Jumapili ya tatu ya Majilio (majuma ya kungoja Krismasi), nayo humtangulia mtakatifu; kwa hiyo Lusia hataadhimishwa, wala padri hatavaa nyekundu, rangi ya wafiadini. Nia ya Misa kwa ajili ya mama ipelekwe parokiani mapema.

Mimi kwa mtoto wa jicho ningemtanguliza Malaika Mkuu Rafaeli, 29 Septemba. Soma Tobiti sura ya 11 (tafuta Biblia yenye vitabu vya deuterokanoni, yaani vile vya ziada vilivyo katika Biblia ya Kikatoliki; tafsiri ya Union haina): Tobia anampaka babake nyongo ya samaki, kisha anaubandua ule utando mweupe machoni. Sasa usiende kwa wauza samaki wa Liwatoni, Mombasa, kuulizia nyongo ya changu!

Panapoharibika ni kwenye maji ya baraka. Watu huyadondoshea jichoni, na mengine yametoka kisimani. Baada ya upasuaji pana kidonda kidogo, na vijidudu hupitia hapo hapo. Padri akinyunyiza, mama awe amevaa kile kikinga cha jicho alichopewa hospitalini. Mpako wa Wagonjwa nao hupakwa kipaji cha uso na viganja. Mtu wa jumuiya akitaka kuongezea mafuta kwenye kope, mkatalieni. Saa ya matone ya daktari ikifika katikati ya rozari, simamisheni, mtieni, muendelee.