Kabla ya kulaumu hesabu zako, tazama ulivyoitangaza safu

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Programu yake ya Fortran, lugha ya kuandikia programu za hesabu, inafika mwisho bila kulalamika, ila majibu yana kasoro ndogo asiyoielewa. Nilipoisoma mistari yake ya kwanza, moyo ulinipiga. Ugonjwa huo naujua, ulinila miezi miwili.

Nilikuwa nakokotoa joto linavyosambaa kwenye fimbo ya chuma. Katika programu kuu nilitangaza safu, yaani orodha ya namba zenye jina moja, hivi: `real :: joto(0:100)`, yaani vituo 101, sifuri ikiwa ncha ya fimbo. Sabrutini, kipande cha programu kinachoitwa kufanya kazi moja, ikaipokea hivi: `real, intent(in) :: joto(:)`. Niliamini sifuri yangu imeingia nayo. Haikuingia. Nukta mbili peke yake hupokea ukubwa tu, kisha huanza kuhesabu kutoka 1. Kwa hiyo mle ndani `joto(1)` ndiyo ilikuwa ncha, na `joto(0)` ilichota chochote kilicholala kwenye kumbukumbu kabla ya safu. Grafu ilitoka laini, ya kupendeza, ila yote imesogea hatua moja.

Aliyekuwa akinisimamia alitamka mbele ya wenzangu kwamba hisabati siijui. Nikarudia milinganyo usiku baada ya usiku, nayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hilo linaniuma hadi leo.

Dawa yake ilikuwa kuandika `joto(0:)` kwenye sabrutini. Sifuri moja tu!

Kilichofichua kosa ni kukompaili, yaani kuigeuza programu iwe lugha ya mashine, kwa kompaila ya gfortran na chaguo la `-fcheck=bounds`, linalokagua kama umetoka nje ya mipaka ya safu. Jaribio la kwanza tu, programu ilisimama na kuutaja mstari wenye kosa. Ndugu zangu, msikompaili kazi mpya bila hiyo. Ukaguzi huo unapunguza kasi, ndiyo, uondoeni mkishajiridhisha. Na `implicit none`, inayokulazimu kutangaza kila jina unalotumia, iwe juu ya kila programu, halina mjadala.

Angalieni pia `real :: a(10), b`. Hapo `b` ni namba moja, si safu. Mkitaka zote mbili ziwe safu, andikeni `real, dimension(10) :: a, b`. Sabrutini zenye `(:)` ziwekeni ndani ya moduli, yaani fungu la sabrutini ambalo programu kuu huliita kwa `use`, maana kompaila lazima ione umbo la kinachopokelewa. Tangazeni mipaka kwa makusudi, msiiache ijipange yenyewe.

Nawe uliyeniandikia: safu yako ya shinikizo inaanzia -5 katika programu kuu, lakini sabrutini yako inaipokea kwa `(:)`. Andika `shinikizo(-5:)`, kompaili upya, halafu niletee majibu.