Jiko la mkaa chumbani, hapana!

SWALI: Shikamoo Mjomba Baharia. Mwanangu anasoma Duluth, Minnesota, Marekani. Juzi simu yake ilipokea tahadhari ya dhoruba ya majira ya baridi, 'winter storm watch', jana ikageuka 'warning'. Tena mtandao unasema baridi ni nyuzi hasi 18 za Selsiasi, yeye anashikilia ni hasi 28. Tuamini lipi? Nimemwambia akizidiwa awashe jiko la mkaa chumbani, kama tulivyokuwa tukifanya kwa bibi yake Lushoto.
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mengine yatangoja, hilo la jiko mpigie sasa hivi umkataze. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukifunga chumba, unalala usiamke. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo joto lisitoke, ndiyo hatari zaidi. Na ninyi wa Lushoto, baridi ya Juni na Julai ikifika, jiko likae nje. Umeme ukimkatikia, jenereta nayo isiwashwe ndani.

Haya, tahadhari. 'Watch' ni kwamba dhoruba inawezekana: aende dukani mapema, anunue chakula na betri za tochi, achaji simu. Ikifika 'warning', dhoruba imeshaingia au iko mlangoni: atulie ndani, safari aziahirishe. Ipo na 'advisory', ya chini kidogo, ambayo vijana huidharau wakati barabara inateleza vilevile.

Hizo namba mbili zote ni za kweli. Hasi 18 ni ya hewa yenyewe. Hasi 28 imetiwa upepo, ndivyo mwili unavyoisikia baridi. Mwili hupasha hewa iliyougusa, upepo ukaichukua, mwili ukaanza upya. Kwa hasi 18 na upepo wa kilomita 24 kwa saa, sikio lililo wazi laweza kuganda ndani ya nusu saa. Kwa hiyo kabla ya kutoka aangalie hiyo ya upepo.

Nikiwa melini bandari za Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, kijana mmoja wa Mombasa alivua glavu ili afunge kamba vizuri. Ncha za vidole zikapauka, zikawa ngumu kama nta, naye anacheka: "Mbona haziumi?" Kutouma ndiko kubaya! Hapo usisugue, usisogeze motoni. Vidole viingie maji ya uvuguvugu, kisha daktari.

Avae nguo kadhaa juu kwa juu, ya ndani iwe ya sufu. Pamba hushika jasho, na jasho likipoa ni balaa. Kofia asiikose. Mtu akitetemeka sana, ulimi ukawa mzito, akashindwa hata kufunga zipu, joto la mwili huenda limeshuka chini ya nyuzi 35: wapige 911, namba ya dharura ya kule, wamvue nguo zilizolowa, wamfunike mablanketi.

Pombe haipashi mwili joto, inaupotezea. Najua wako hanywi, ila ana wenzake chumbani.