Re: Mandara na Maundi kwa siku moja, kundi la watu 12

Kupanda Mlima Kilimanjaro hadi kambi ya vibanda ya Mandara na kreta ya Maundi, yaani shimo la volkano, na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, ndugu, ila kinachowaangusha wengi ni muda. Toka Moshi saa 11 alfajiri ili saa 1 muwe geti la Marangu, maana kujiandikisha kwa kundi huchukua muda. Kutoka geti, mita 1,870 hivi, hadi Mandara, mita 2,720, ni saa tatu za mwendo wa pole pole. Kreta ya Maundi ni kama dakika 20 mbele. Ikifika saa 8 mchana hamjafika Maundi, geuzeni bila kubishana.

Mwepesi asitangulie. Mwenye mwendo wa pole kuliko wote aende mbele, nyuma tu ya mwongozaji, mzoefu afunge msafara. Kundi likikatika vipande viwili, kinachoumia huwa kile cha nyuma, mbali na sanduku la dawa.

Maji lita 2 hadi 3 kila mtu, karanga, ndizi, chapati. Fulana kavu ya kubadili Mandara ni lazima: jasho likipoa pale, baridi inaingia mifupani. Kateni kucha za miguu, na kabla ya kushuka kazeni kamba za viatu kifundoni, la sivyo vidole vitagonga mbele njia nzima.